Nidhamu au Utaratibu? Istilahi za Bunge katika Kiswahili cha Kenya

Historia ya istilahi za bunge nchini Kenya haiwezi kutenganishwa na Bonde la Ufa. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1907, miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Lord Delamere, mlowezi mwenye shamba kubwa Njoro, karibu na Nakuru. Taratibu za baraza hilo zilikuwa za Kiingereza kwa asili na kwa lugha. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Hadi hapo, sheria zilizomfunga kibarua wa mashamba ya Nakuru zilikuwa zimejadiliwa bila mwakilishi wa jamii yake, tena kwa lugha ya mwajiri wake.

Mnamo Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni, na Katiba ikarekebishwa ipasavyo. Hata hivyo, marekebisho ya mwaka 1975 yaliruhusu miswada na sheria zibaki katika Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikarejeshwa katika mijadala sambamba na Kiswahili. Lugha, basi, iliingia ukumbini kabla ya istilahi zake kusanifiwa. Mbunge alijadili kwa Kiswahili andiko la Kiingereza, na kila msemaji akalazimika kuwa mfasiri wa papo kwa papo.

Istilahi zilizopatikana zinadhihirisha mbinu mbalimbali. Neno 'spika' lilikopwa. 'Hoja' na 'mswada', yenye asili ya Kiarabu, yalipanuliwa maana. 'Kusomwa mara ya pili' ni tafsiri sisisi inayoweza kumpotosha msikilizaji, kwa kuwa katika hatua hiyo mswada hausomwi bali misingi yake hujadiliwa. 'Kanuni za kudumu', kwa upande mwingine, ni tafsiri iliyofuata maana badala ya umbo. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: rungu la Spika liliitwa 'siwa', jina la baragumu la watawala wa pwani, na chombo cha kigeni kikapata nasaba ya Waswahili.

Tofauti yenye uzito zaidi ni ya istilahi moja. Mbunge wa Tanzania anayetaka kumkatiza mwenzake kwa kuvunja kanuni husimama 'kuhusu utaratibu'. Wa Kenya husimama kwa 'hoja ya nidhamu'. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hubeba maana zote mbili, lakini Kiswahili hulazimisha uchaguzi. 'Utaratibu' humwelekeza msikilizaji kwenye kanuni, ambazo hata Spika hana budi kuzitii. 'Nidhamu' huleta taswira ya darasa na gwaride: yuko anayerudi na anayerudiwa. Haki ya mjumbe inavikwa vazi la adabu.

Huenda ikadaiwa kwamba huku ni kulipa neno uzito usio wake. Tukio la Oktoba 1975 linatoa jibu, ingawa si jepesi. Martin Shikuku alidai Bungeni kwamba wapo waliotaka kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, mwanasheria na mbunge wa Tinderet katika Bonde la Ufa, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Huo ulikuwa uamuzi wa kiti, yaani suala la utaratibu. Dola iliupokea kana kwamba ni utovu wa nidhamu: siku chache baadaye wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini, wakaachiliwa Desemba 1978. Ni kweli kwamba istilahi bora isingewaokoa. Hata hivyo, raia asiyekuwa na neno la kutenganisha utaratibu na utiifu angewezaje kueleza ni kitu gani kilichovunjwa?

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, na Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zikatolewa kwa Kiswahili wakati wa uspika wa Justin Muturi (2013–2022). Tangu mwaka 2013 Nakuru ina bunge lake la kaunti, ambalo wapiga kura wake ni pamoja na wajukuu wa vibarua wa mashamba yale. Kazi ya mfasiri, kwa hiyo, haiishii kwenye kutafuta kisawe. Anapochagua neno, anaamua pia iwapo mwananchi aliye katika jukwaa la wageni ataona haki ikitumika au mwanafunzi akikemewa.