Meza ya kuulizia: mtu mzima na maktaba ya umma, Marekani na kwetu



Watu wengi wakisikia nafanya kazi maktaba hudhani kazi yenyewe ni kupiga mihuri vitabu na kuwanyamazisha wenye kelele. Mie cheo changu ni mkutubi wa huduma za watu wazima, katika maktaba ya umma ya mji mmoja wa wastani huku Marekani. Yuko mwenzangu wa watoto, yuko mwengine wa vijana, mie ni wa wakubwa. Kazi hii ina historia yake, na historia hiyo inatuhusu kuliko tunavyofikiri, kwa sababu inagusa suali ambalo limenikaa siku nyingi: kwa nini maktaba zetu Afrika Mashariki zimegeuka vyumba vya kusomea mitihani, na mtu akishamaliza skuli hana tena la kufuata humo?

Kwanza kazi yenyewe, ili tuelewane. Asubuhi moja anaweza kuja mzee anayetaka kuomba malipo yake ya uzeeni, na maombi siku hizi yanapita kwenye kompyuta, naye hajawahi kugusa kompyuta. Baada yake mama mmoja anajiandaa na mtihani wa uraia. Halafu fundi bomba anayetafuta kitabu cha kufanyia mtihani wa leseni, na mwengine kashika barua ya mahakama kuhusu kodi ya nyumba. Wote hao wanakuja mezani pangu, na hakuna anayelipa hata senti.

Kanuni ya kwanza ya meza hii ni kwamba suali la mwanzo si suali lenyewe. Mtu atauliza, "Vitabu vya dawa viko wapi?" Ningeweza kumwambia namba 610, basi, aende zake. Lakini ukimuuliza taratibu angependa kujua nini hasa, utasikia kwamba mama yake kaambiwa ana kisukari, na ana karatasi ya daktari isiyofahamika. Kumbe hataki vitabu vya dawa, anataka mtu wa kumwonyesha maelezo ya kisukari kwa lugha nyepesi. Kanuni ya pili: namwonyesha jawabu limeandikwa wapi na nani kaliandika, lakini simpi hukumu. Mie si daktari wala wakili. Na kanuni ya tatu, kubwa kuliko zote: nani kauliza nini hayo hayamhusu mtu mwengine. Nitarudi kwenye hili.

Sasa historia. Kitu muhimu ni kwamba maktaba ya umma tangu mwanzo haikuanzishwa kwa ajili ya wanafunzi. Uingereza ilipitisha sheria ya maktaba za umma mwaka 1850, na wabishi bungeni walikuwa na wasiwasi hasa juu ya mfanyakazi mzima: akisoma je, si ataleta fujo? Sheria ile ilikuwa na kichekesho chake. Mji uliruhusiwa kutoza kodi ya nusu peni kwa kila pauni, na fedha hizo zilipie jengo na watumishi, lakini si vitabu! Vitabu vilitarajiwa kutoka kwa wafadhili. Ilibidi ingoje mpaka 1855 kodi ipandishwe kuwa peni moja na vitabu viruhusiwe kununuliwa. Boston nako, kamati ya mji iliandika mwaka 1852 hoja ambayo mpaka leo sijaona yenye nguvu kuliko hiyo: mji unagharimia kumfundisha mtoto kusoma, kisha unamwachia mlangoni mwa skuli bila ya kitu cha kusoma. Maktaba yao ikafunguliwa 1854.

Lakini kuwa na vitabu si kuwa na huduma. Maktaba za zama zile vitabu vilifungiwa nyuma, msomaji aandike anachotaka kwenye karatasi, aletewe. Asiyejua jina la kitabu ndio basi. Aliyebadilisha fikra ni Samuel Swett Green, mkutubi wa mji wa Worcester, Massachusetts, mji wa viwanda. Mwaka 1876, kwenye mkutano wa Philadelphia uliozaa Chama cha Maktaba cha Marekani, alisema mkutubi ashuke akutane na watu, awafundishe kutumia maktaba, awajibu masuali yao, awasaidie kuchagua, na aitangaze maktaba mjini. Akatoa mfano wa muuza duka: kama vile muuza duka hapendi mteja atoke mikono mitupu, mkutubi naye asikubali muulizaji atoke bila ya jawabu. Maneno mepesi, lakini ndiyo yaliyonizalia kazi yangu.

Halafu zikaja fedha za Andrew Carnegie, mhamiaji kutoka Scotland. Alipokuwa kijana mfanyakazi huko Pennsylvania, Kanali James Anderson alikuwa akiwafungulia vijana wa kazi maktaba yake ya vitabu kama 400 kila Jumamosi. Carnegie alipokuja kuwa tajiri alijengesha maktaba 2,509 duniani, 1,679 kati ya hizo Marekani. Sharti lake lilikuwa mji utoe kila mwaka fedha za kuiendesha, kwa kawaida asilimia 10 ya gharama ya jengo. Hakutaka kujenga nyumba ikabaki gofu.

Katika miaka ya 1920 kazi hii ikapata umbo lake. Chama cha maktaba kilitoa ripoti juu ya maktaba na elimu ya watu wazima mwaka 1926, na New York mwaka 1929 Jennie Flexner akafungua ofisi ya mshauri wa wasomaji. Mtu akija anaeleza anachotaka kujifunza, anaandaliwa orodha yake peke yake ya vitabu. Ilikuwa ndio mlango wa mdororo mkubwa wa uchumi, na waliokosa kazi walijaa maktaba.

Kwetu sie watu weusi wa ugenini, sura ninayoipenda zaidi ni ya Harlem. Tawi la mtaa wa 135 lilikuwa chini ya Ernestine Rose kuanzia 1920, na mwaka huo huo akaajiriwa Catherine Latimer, mkutubi wa kwanza mweusi katika maktaba za umma za New York. Watu wa mtaa walikuja wakiuliza habari za asili yao, na majibu hayakuwepo rafuni. Basi ikaanzishwa idara maalumu mwaka 1925, na mwaka uliofuata ukanunuliwa kwa dola 10,000 mkusanyo wa Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico. Zingatieni utaratibu wake: masuali ya wakubwa ndiyo yaliyouita mkusanyo. Leo ni mojawapo ya hazina kubwa duniani za historia ya watu weusi.

Nisiwapambie. Huko Alexandria, Virginia, Agosti 1939, vijana watano weusi waliopangwa na wakili Samuel Tucker waliingia maktaba, wakaomba kadi, wakanyimwa, wakakaa kimya wakisoma. Wakakamatwa. Mji ukajibu kwa kujenga maktaba ndogo ya watu weusi mwaka 1940, badala ya kufungua ile iliyopo. Na Nairobi mambo yalikuwa hivyo hivyo: maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931 ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika hakuingia kusoma mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa tuje kwetu. Si kweli kwamba mtu mzima wa pwani hakuwa na pa kuuliza. Alikuwa na darsa baada ya sala, alikuwa na baraza la mwanachuoni, na huko hakuna aliyeulizwa cheti. Kuuliza si ujinga, tumelelewa hivyo. Lakini maktaba ya serikali ilikuja kwa njia nyengine. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, ambayo pamoja na kuchapisha vitabu vya Kiswahili ilituma masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha kwa posta. Msomaji aliyelengwa hasa alikuwa mtu mzima aliyejua kusoma. Baada ya uhuru nchi zikaunda vyombo vyake: Tanganyika ilipitisha sheria 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam Desemba 1967.

Na Tanzania haikumsahau mtu mzima, la hasha. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, kwa redio na vikundi vya kusoma, ilifikia watu takriban milioni 2. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, wakashuka hadi chini ya 10 mwaka 1986. Zikafunguliwa maktaba za vijijini ili waliojua kusoma wasisahau. Sijui nchi nyengine ya Afrika iliyomfanyia mkulima wake mambo makubwa kuliko haya.

Basi mbona leo ukiingia nyingi ya maktaba zetu unakuta meza zimejaa wanafunzi na madaftari yao wenyewe, hawajagusa rafu? Wengine watasema ni umasikini. Umasikini upo, na misukosuko ya miaka ya 1980 ilikata bajeti. Lakini Worcester ya 1876 haikuwa na kompyuta, na masanduku ya 1948 yalibebwa na magari mabovu. Rai yangu ni kwamba kisomo kilimpa mtu mzima herufi, na maktaba ikampa rafu, lakini katikati hakuwekwa mtu wa kumuuliza, "Ungependa kujua nini hasa?" Kampeni zilikuja na somo lililokwisha pangwa: afya, chakula, kilimo. Kazi ya mezani inaanzia upande wa pili, kwa suali la yule aliyekuja. Vitabu vingi rafuni ni vya Kiingereza na vya msaada, na muuzaji wa samaki mwenye suali la mirathi au la mkopo hana sababu ya kuingia. Mwanafunzi anaingia kwa sababu anahitaji kiti na taa tu.

Nilisema nitarudi kwenye siri. Baada ya sheria iliyoitwa Patriot Act ya 2001, serikali ya Marekani iliweza kudai kumbukumbu za wasomaji. Maktaba nyingi zikaamua kufuta rekodi ya kitabu mara kinaporudishwa. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa Connecticut walipewa barua ya kutaka habari za watumiaji wa kompyuta, wakakatazwa hata kusema wameipata. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 katazo likaondolewa. Sie tunaojua hofu ya kuuliza jambo mbele ya mtu asiyeaminika tunafahamu uzito wake. Meza isiyoaminika haiulizwi.

Dalili njema zipo. Nairobi, tangu 2017, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka kupitia Book Bunk wameshughulikia kufufua McMillan na matawi ya Kaloleni na Makadara. Na Kenya, katiba ya 2010 imeyakabidhi masuala ya maktaba kwa kaunti, kwa hiyo mtu ana mjumbe wa karibu wa kumdai.

Ombi langu ni moja. Sie wa ugenini tunapenda kuchangishana tupeleke kontena la vitabu nyumbani. Waingereza wa 1850 walilipia jengo na watumishi wakasahau vitabu. Sie tunapeleka vitabu tukasahau mtumishi. Nauli ya kontena moja si ndogo. Tukikubaliana na maktaba moja tu, Tanga au Mombasa au Ujiji, fedha hizo hizo zinaweza kulipia mtu mmoja, aliyefunzwa kazi hii, akae mezani na kibao cha Kiswahili kinachosema watu wazima waulize hapa, na aandike kila suali bila ya jina la muulizaji. Baada ya mwaka tutajua vitabu gani vya kupeleka.

Walioona masanduku ya vitabu au maktaba za vijiji za miaka ya 1970 kwa macho yao, naomba waongeze. Nawasilisha.