Jina la Soko: Duka la Familia katika Historia ya Mazulia ya Mashariki

Mwanafunzi wa leksikolojia ya Kiswahili akikusanya maneno ya biashara atakuta kwamba mengi ya yale ya msingi yalivuka bahari: duka, bei, dalali na tajiri yametoka katika Kiarabu, rangi imetoka katika Kiajemi, na zulia ni ndugu wa neno ambalo Waarabu wa Ghuba na wa Iraki hulitumia hata leo kwa kitu kilekile. Hapa kwetu Kongo twasema magazini mara nyingi kuliko duka, na tapi mara nyingi kuliko zulia, kwani Kifaransa kilitutangulia kufungua mlango. Hata hivyo, maneno hayo ya Kiswahili sanifu, yakiwekwa pamoja, yanachora sura ya mahali pamoja: chumba chenye marundo ya mazulia, mzee ameketi, na kijana anayafunua moja baada ya jingine mbele ya mgeni.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna duka la kifamilia la mazulia yaliyofumwa kwa mkono lilivyoendeshwa tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na hasa namna lilivyojipatia uwezo wa kuyapa mazulia majina. Suala la majina si dogo. Aliyefuma hakuandika, aliyeuza ndiye aliyeandika daftari, na twajua kutokana na historia yetu wenyewe kwamba mwenye daftari ndiye mara nyingi anayebaki katika kumbukumbu.

Kwanza tuseme machache juu ya kitu chenyewe. Zulia la aina hii hufumwa kwa nyuzi za mtande zilizotandwa juu ya kitanda, kisha vipande vifupi vya sufu au hariri hufungwa kimoja kimoja kwa fundo, na baada ya kila safu mshindio hupitishwa na kushindiliwa. Zulia la zamani kuliko yote ya mafundo ambalo limehifadhika karibu zima lilifukuliwa na Sergei Rudenko mwaka wa 1949 huko Pazyryk, katika milima ya Altai, ambako barafu ya kaburi ililinda rangi zake tangu karne ya 5 au ya 4 kabla ya Kristo. Ufundi wake haukubadilika sana hata leo. Mfumi stadi huweza kufunga mafundo yapatayo 8,000 kwa siku. Tuchukue zulia la mita 2 kwa 3, lenye mafundo 200,000 katika kila mita ya mraba: yote ni 1,200,000, yaani siku 150 za mtu mmoja, bila kuhesabu kukata manyoya, kusokota na kutia rangi.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini biashara hii ilikaa mikononi mwa familia. Fedha ya tajiri hulala juu ya kitanda cha mfumi kwa miezi, kisha husafiri miezi mingine, kisha hulala tena dukani hadi apatikane mnunuzi, pengine baada ya miaka. Hapana mkopeshaji mgeni mwenye subira ya namna hiyo. Aidha, mali ilipita katika miji mingi ya sheria na sarafu tofauti. Katika karne ya 19 misafara ya ngamia iliondoka Tabriz kupitia Erzurum hadi bandari ya Trebizond, na kutoka huko meli zilifika Istanbul, ambako Waajemi walikuwa na makao yao katika jengo la Valide Han. Nyumba ya biashara iliyotaka kudumu iliweka baba Tabriz, ndugu Istanbul, na mpwa London au New York. Barua iliyotoka kwa ndugu ilikuwa na nguvu kuliko mkataba. Walikuwamo Waazeri, Waarmenia, Wayahudi na Wagiriki, na kila jamii ilioana ndani kwa ndani, jambo ambalo lilikuwa pia bima ya biashara.

Kazi ya duka yenyewe ilikuwa elimu, tena elimu ya mdomo na ya vidole. Mtoto hakuanza kwa kuuza. Alianza kwa kubeba, kukunja, kupiga vumbi na kutafuta nondo, ambao hupenda pembe za giza zisizoguswa. Ndiyo maana marundo yalifunuliwa mara kwa mara hata pasipo mnunuzi. Kisha alifundishwa kuligeuza zulia, kwa sababu uso ni wa mnunuzi, bali mgongo ni wa mwenye duka. Mgongoni huonekana kama fundo ni la namna ya Kituruki linalozunguka nyuzi mbili kwa usawa, au la namna ya Kiajemi linalozunguka moja na kuachia nyingine. Kama mshindio umepita mara moja, kama ilivyo desturi ya vijiji vya Hamadan, au mara mbili. Kama kuna mahali palipotiwa kiraka. Alijifunza pia vipimo. Zar ya Uajemi ilikuwa na urefu wa sentimita 104 hivi, na zulia la zar mbili liliitwa dozar, la zar moja na nusu zaronim, lile jembamba la ukumbini kenareh, yaani la pembeni. Maneno haya ya bazari la Tabriz yalisemwa bila kutafsiriwa katika maghala ya London na Hamburg, na Mwingereza asiyejua neno jingine la Kiajemi aliyajua haya.

Kwa upande wa malipo, duka dogo halikuweza kununua kila kilichoonyeshwa. Mengi ya mazulia yalikuwa mali kauli: mwenye ghala alimwachia mwenye duka, naye alilipa yakiisha kuuzwa. Mteja naye aliruhusiwa kulichukua zulia nyumbani kwa siku kadhaa, alitandike, alitazame kwa mwanga wa asubuhi na wa taa, kisha aamue. Mlolongo mzima ulisimama juu ya neno la mtu, na aliyelivunja mara moja alifungiwa milango yote, kwa sababu wenye maghala walikuwa wajomba na wakwe wa wenye maduka.

Ukubwa wa biashara hiyo ulitokana na mabadiliko ya Ulaya. Maonyesho ya Vienna ya mwaka wa 1873 yaliwafanya matajiri wa viwanda wapende mazulia ya Mashariki. Kampuni ya Ziegler ya Manchester, iliyokuwa ikiuza vitambaa vya pamba huko Uajemi, iliona kwamba njia nzuri ya kurudisha fedha yake ni kuigeuza kuwa mazulia. Ikawakopesha wafumi wa Sultanabad, mji ambao leo huitwa Arak, na kuwapa michoro iliyopendwa na Wazungu. Huko Izmir, wafanyabiashara kadhaa waliungana kati ya 1907 na 1908 kuunda kampuni kubwa iliyotawala ufumaji wa Anatolia ya magharibi. Wakati huohuo rangi za viwandani, zilizoanza na ugunduzi wa William Perkin mwaka wa 1856, zilipenya vijijini. Baadhi ya zile za mwanzo zilipauka kwa jua au kuchuja zilipooshwa, na serikali ya Uajemi ikajaribu kuzipiga marufuku, bila mafanikio makubwa. Hapo mwenye duka wa kifamilia alipata kazi mpya: kusimama kati ya mnunuzi na shaka yake. Akilowesha kitambaa cheupe na kukisugua juu ya sehemu nyekundu, alikuwa akiuza jina lake pamoja na zulia.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo kwetu wanaisimu ni la thamani zaidi. Mazulia mekundu ya Waturukimani, yenye safu za maua ya pembe nane, yaliitwa Bukhara ulimwenguni kote, ilhali hayakufumwa Bukhara. Yaliuzwa huko tu. Wanawake wa Tekke, wa Salor na wa Yomut, ambao kila kabila lilikuwa na alama yake, walimezwa na jina la soko. Kazi za Ushak, Gördes na Kula ziliitwa Smirna kwa kuwa zilipakiwa katika bandari hiyo. Mamia ya vijiji yalifunikwa na jina la Hamadan. Hata wataalamu hawakusalimika: fundo la Kiajemi walilipa jina la mji wa Senneh, kumbe wafumi wa Senneh hufunga fundo la Kituruki!

Mfano mkubwa ni zulia la Ardabil. Limeandikwa jina la Maqsud wa Kashani na mwaka wa 946 wa Hijra, yaani 1539 hadi 1540, na lina zaidi ya mafundo 5,000 katika mraba wa sentimita 10 kwa 10. Lilipatikana katika ziara ya Ardabil, likapita mikononi mwa Ziegler, na duka la Vincent Robinson la London likaliuza mwaka wa 1893 kwa makumbusho ambayo leo huitwa Victoria and Albert, kwa pauni 2,000, baada ya William Morris kulishuhudia. Lililosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba kulikuwa na pacha wake, na kwamba pacha huyo alikatwa ili kuliziba la kwanza. Lililokatwa sasa liko Los Angeles. Basi hapa tuna zulia ambalo, kinyume cha mengi, limetiwa saini. Hata hivyo ulimwengu haukuliita la Maqsud wala la Kashani, bali kwa jina la mahali liliponunuliwa.

Msomaji wa Kongo asione haya kuwa mageni. Kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na meli za Salem, na kubebwa na wapagazi hadi Manyema, tulikiita merikani. Na kinachoitwa na wakusanyaji mahameli ya Kasai ni kazi ya Wakuba: wanaume hufuma rafia, wanawake hutarizi na kukata nyuzi bila kufunga hata fundo moja. Waliokiita kwa jina la Kasai walikuwa wanunuzi. Wale Washoowa waliosifika zaidi kwa kazi hiyo hawamo katika jina.

Karne ya 20 iliyatikisa maduka hayo. Moto wa Izmir wa mwaka wa 1922 ulizitawanya familia za Waarmenia na Wagiriki. Baada ya vita vya pili vya dunia, nyumba nyingi za Kiajemi zilijikusanya Hamburg, katika mtaa wa maghala uliofunguliwa mwaka wa 1888, ambako mali ilikaa bila ushuru hadi iuzwe. Mwaka wa 2003 mtaa huo ulitolewa katika eneo la bandari huru, na maghala mengi yamekuwa ofisi. Marekani ilifunga mlango kwa mazulia ya Iran mwaka wa 1987, ikaufungua 2000, ikaufunga 2010, ikaufungua 2016, ikaufunga tena 2018. Duka linalohitaji miaka kumuuzia mtu zulia moja haliwezi kupanga lolote kwa mwendo huo. Pengo likajazwa na India na Pakistan, na majina yakahama pamoja na michoro: Lahore na Karachi hufuma mazulia yaitwayo Bukhara, jina ambalo sasa halielezi hata soko. Kuhusu watoto waliofungwa kwenye vitanda vya kufumia, alama iliyoanzishwa India mwaka wa 1994 na Kailash Satyarthi pamoja na wenziwe ilimlazimisha muuzaji, pengine kwa mara ya kwanza, kujibu swali la mikono.

Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka wa 1890 iliagiza kila bidhaa ya kigeni iandikwe nchi ilikotoka, na tangu hapo kipande kidogo cha kitambaa hushonwa mgongoni mwa zulia, pembeni. Nchi imeandikwa hapo. Kijiji, kabila, na kama aliyefuma alikuwa mama aliyefuata mchoro wa kichwani au msichana aliyesomewa rangi na msimamizi, haya hayakuandikwa popote. Mzee wa duka humwambia mwanawe wanapoligeuza, na mwana huyo, siku hizi, mara nyingi amesomea kazi nyingine.