Mtembezi Asiye Miguu

Neno la Kiingereza perambulator, ambalo tangu katikati ya karne ya 19 limekuwa jina la kigari cha kumsukumia mtoto mchanga, halikuzaliwa na mtoto ndani yake. Asili yake ni Kilatini: per, yaani kupitia, na ambulare, yaani kutembea. Mwenye kuipita nchi kwa miguu yake, akaingilia huku na kutokea kule, ndiye perambulator. Waingereza wa karne ya 17 walipolitamka walikusudia mtu hasa: msafiri, mtembezi, mwenye vumbi nyayoni.

Kutembea huko kuliwahi kuwa hata na uzito wa sheria. Katika parokia za Uingereza, siku za kuelekea Sikukuu ya Kupaa, kasisi na wazee waliizunguka mipaka yote kwa miguu, na mzunguko huo ukiitwa perambulation. Walifuatana na watoto wa kiume. Walipofika penye jiwe au mti wa mpaka, mtoto alichapwa fimbo, au akagongeshwa pale pale jiweni, ili akija kuwa mzee awe shahidi wa mahali mpaka ulipopita. Ramani zilikuwa chache. Palipoandikwa ni kwenye ngozi ya mtoto. Ni ajabu kidogo kwamba jamaa wa neno hilo ndilo lililokuja baadaye kumlaza mtoto juu ya mito.

Mwishoni mwa karne ya 17 neno lilimtoka mtu likakishika chombo. Kilikuwa gurudumu kubwa lenye mpini, mpimaji akilisukuma njiani, na kila lizungukapo likihesabiwa na mitambo mfano wa ile ya saa, mpaka mshale ukaonyesha yadi na maili. Wapimaji wa Kiingereza walikwenda nalo hadi Bara Hindi, wakapimia njia huko katika karne ya 18 na ya 19. Hapo tayari miguu ilikwisha kudhulumiwa: atembeaye ni mtu, aitwaye mtembezi ni gurudumu.

Magari ya watoto yalikuwako kabla ya jina hili. Inasimuliwa kwamba mnamo 1733 William Kent alibuni moja kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire, la kuvutwa na mbuzi au farasi mdogo. Lakini hayo yalikuwa ya kuvutwa, mtoto akibaki nyuma ya macho. Ni katika miaka ya 1850 ndipo vilipoenea London vigari vya kusukumwa, mtoto akiwa mbele, na ndipo jina la perambulator lilipovikalia. Mfanano wake na gurudumu la mpimaji hauhitaji maelezo: vyote vina mpini, vyote humtangulia anayevisukuma. Waendao kwa miguu wakanung'unika kwamba vigari vinawaziba njia. Yaani watembezi walikuwa wakimshitaki mtembezi.

Aliyetembea hasa katika mambo haya yote ni yaya. Katika nyumba za wenye nafasi ndiye aliyesukuma asubuhi na jioni bustanini, akayazunguka maua yale yale, akarudi. Kwa maana ya Kilatini, jina lilikuwa haki yake yeye. Halikumfikia, alipewa kigari, na kigari kikapewa jina lake.

Kufikia miaka ya 1880 ulimi wa Kiingereza ulilichoka neno refu, ukalikata likabaki pram. Lilipokatwa likafanana na neno jingine la zamani zaidi, pram la Kidachi na la watu wa Baltiki, ambalo ni chombo cha majini chenye tumbo bapa. Haya si ndugu wa karibu, ingawa wanaisimu hulifuata hili la chombo mpaka kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kuvuka. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi wa ndege, alibuni kigari chepesi cha kukunjika, na tangu hapo perambulator likawa neno la kizee.

Jamaa yake mmoja ameshaingia Kiswahilini bila kutambuliwa. Ambulensi yatokana na hospitali itembeayo ya Wafaransa, ile iliyoandamana na majeshi vitani. Naye pia hubeba asiyeweza kutembea, akaitwa kwa kutembea.

Mfasiri anayo kazi hapa. Kigari chataka kiitwe kigari, wala si mbeleko, kwani mbeleko huufunga mwili kwa mwili, na kigari humweka mtoto mbali kwa urefu wa mpini. Na akikuta perambulator katika kitabu cha karne ya 17 naye akaandika kigari cha mtoto, atakuwa amemkamata mzee wa watu njiani, mkongojo mkononi na maili nyingi nyuma yake, akamlaza chali na kumfunika shali.