Krismasi Iliwahi Kupigwa Marufuku, na Walioipiga Marufuku ni Wakristo Wenyewe

Kila Desemba ile posti huanza kuzunguka kwenye magrupu: Krismasi ni sikukuu ya kipagani, amkeni! Chini yake moto unawaka. Mmoja anatupa Yeremia 10, mwingine anajibu aachwe ale pilau lake kwa amani. Ukiangalia haraka utadhani ni ugomvi wa kizazi cha simu. Kumbe una karne kadhaa, na kuna kipindi ulitoka kwenye maneno ukaingia kwenye sheria na ngumi za mtaani.

Anzia Roma. Desemba ya Warumi ilikuwa ni kula bata kwelikweli. Tarehe 17 ilianza Saturnalia, sherehe ya mungu Saturn, na iliendelea kwa siku kadhaa. Kamari iliruhusiwa hadharani, mabwana waliwahudumia watumwa wao mezani, na watu walipeana zawadi za mishumaa na vinyago vidogo vya udongo. Halafu mwaka 274 Kaisari Aurelian akazindua hekalu la Sol Invictus, yaani Jua Lisiloshindwa.

Ushahidi unaopendwa zaidi ni kitabu cha kalenda cha Roma cha mwaka 354. Kwenye Desemba 25 imeandikwa siku ya kuzaliwa ya "Asiyeshindwa", pamoja na mashindano 30 ya magari ya farasi. Kitabu hichohicho, sehemu nyingine, kinasema Kristo alizaliwa Bethlehemu Desemba 25. Jua na Kristo, kitabu kimoja, tarehe moja!

Hapo wengi hufunga mjadala. Ila taratibu. Wakristo wa kale walikuwa na hesabu yao pia: waliamini Yesu alitungwa mimba tarehe ileile aliyokuja kufa, Machi 25. Ongeza miezi tisa, unatua Desemba 25. Augustino, aliyefariki mwaka 430, ameitaja hesabu hiyo. Kwa hiyo nani alimwiga nani, wanahistoria bado wanavutana. Kinachojulikana ni kwamba Biblia yenyewe haitaji tarehe yoyote.

Na ile Yeremia 10? Nabii anaeleza mti unaokatwa msituni, unapambwa kwa fedha na dhahabu, kisha unapigiliwa misumari usitikisike. Ukisoma mbiombio unauona mti wa Krismasi kabisa. Lakini mti ule unachongwa na fundi, na nabii anaucheka kwa sababu hauwezi kusema wala kutembea mpaka ubebwe. Hiyo ni sanamu. Mti wa Krismasi ni mambo ya Wajerumani: maelezo ya Strasbourg ya mwaka 1605 yanataja miti iliyowekwa ndani na kupambwa kwa matofaa na maua ya karatasi. Uingereza ulivuma baada ya mwaka 1848, gazeti lilipochapisha picha ya Malkia Victoria na mumewe Mjerumani wakiwa na watoto wao kwenye mti. Kati ya Yeremia na Strasbourg kuna zaidi ya miaka 2,000. Anayetumia aya hiyo kupiga mti anajipunguzia pointi mwenyewe.

Wenye hoja nzito kweli walikuwa Wapuritani wa Uingereza, na wao hawakuhitaji mti. Walishika Kumbukumbu la Torati 12, pale Waisraeli wanapoonywa wasichunguze mataifa yalivyoabudu miungu yao ili wakaige. Wakauliza swali moja tu: Mungu ameagiza wapi siku hii? Tena waliona ulevi na kamari za Desemba, wakasema hii ni Saturnalia imebadilishwa jina.

Mwaka 1647 Bunge likafuta rasmi Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Wananchi hawakukubali kirahisi. Desemba 25 ya mwaka huohuo, meya wa Canterbury aliagiza maduka yafunguliwe kama siku ya kawaida. Wachache waliotii walivamiwa na bidhaa zao zikatupwa, mipira ikapigwa katikati ya mitaa, na meya mwenyewe akaangushwa chini. Mwaka uliofuata, walioshtakiwa kwa vurugu zile walipopelekwa mbele ya baraza la mahakama, wazee wa baraza waligoma kuwatia hatiani. Hasira hiyo ikachangia uasi wa Kent dhidi ya Bunge. Yaani Krismasi ilichochea vita!

Ng'ambo ya bahari, koloni la Massachusetts lilitunga sheria mwaka 1659: ukikutwa unasherehekea, faini shilingi tano. Ilifutwa mwaka 1681, lakini tabia haikufutika nayo. Krismasi ilikuja kuwa sikukuu ya kisheria pale mwaka 1856.

Pasaka nayo huwa haiachwi. Wanaodai jina linatokana na mungu wa kike Ishtar wamedakia mfanano wa sauti na neno la Kiingereza. Mtawa Bede, mwaka 725, alilihusisha neno hilo na mungu wa kike Eostre, na hakuna mwandishi mwingine wa kale aliyemtaja. Kiswahili hakimo hata kwenye kesi hiyo, maana "Pasaka" inatokana na Pesach ya Kiebrania.

Upande wa pili nao una aya zake. Warumi 14, Paulo anaruhusu mmoja aitukuze siku fulani na mwingine azione zote sawa, ilimradi kila mmoja awe na hakika moyoni. Wakolosai 2 anaonya watu wasihukumiwe kwa ajili ya sikukuu. Wapuritani walizisoma aya hizo pia, na bado walitoza faini. Uskoti, ambako kanisa liliikataa sikukuu hii tangu karne ya 16, Desemba 25 ilikuja kuwa siku ya mapumziko ya umma mwaka 1958.