Chakula, Kipimo na Mtoto Mwenye Usonji

Msomaji, tangu kale binadamu ametafuta katika chakula kile alichokikosa katika dawa. Mtoto akichelewa kusema, au asipogeuka aitwapo kwa jina lake, wazazi huulizana wamlishe nini na wamnyime nini. Swali hilo si la kuchekwa. Lina historia yake, na katika historia hiyo lilipata kujibiwa vema. Tuifuate basi, tuone kwa nini jibu lililofaa ugonjwa mmoja halikufaa hali nyingine.

Mwaka 1934, nchini Norway, mama mmoja alikuwa na watoto wawili ambao akili zao hazikukua, na mikojo yao ilikuwa na harufu ngeni. Asbjørn Følling, tabibu wa Oslo aliyeijua pia elimu ya kemia, alimsikiliza. Alitia dawa ya kupimia katika mkojo wa watoto wale, nao ukageuka kijani, rangi asiyoitazamia. Akapima tena na tena mpaka akaugundua ugonjwa ambao sasa huitwa fenilketonuria. Mwenye ugonjwa huo hawezi kuivunja vema fenilalanini, iliyomo katika nyama, maziwa na mayai. Nayo ikizidi katika damu huuharibu ubongo.

Mwaka 1953, Horst Bickel na wenzake wa Birmingham, Uingereza, walitangaza habari za binti mdogo waliyemlisha chakula kilichopunguzwa fenilalanini. Mtoto huyo, aliyekuwa hawezi kusimama, alijifunza kutambaa na kusimama. Kisha wakairudisha fenilalanini katika chakula chake bila ya mama yake kujua, na mtoto akarudi nyuma upesi. Siku hizi jaribio la siri namna hiyo lisingeruhusiwa pasipo idhini ya mzazi. Lakini lilithibitisha kwamba nafuu ile ilitokana na chakula, wala si bahati. Mwaka 1963 Robert Guthrie, wa Marekani, alieleza kipimo cha matone ya damu yatolewayo katika kisigino cha mtoto mchanga. Tangu hapo ugonjwa huo uliweza kujulikana kabla haujaudhuru ubongo.

Baadhi ya watoto wenye fenilketonuria wasiotibiwa huonyesha dalili zinazofanana na za usonji. Je, usonji nao hauwezi kuondolewa kwa chakula? Leo Kanner, tabibu wa Baltimore, aliueleza usonji mwaka 1943 kwa kuwachunguza watoto 11, lakini chanzo chake hakikujulikana. Penye giza hilo wakazuka wataalamu waliowalaumu mama kwamba mioyo yao ilikuwa baridi. Lawama hiyo iliwaumiza wazazi wengi wasio na hatia. Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga katika kitabu chake cha mwaka 1964. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter waliwachunguza mapacha jozi 21, wakaonyesha kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa katika jambo hili.

Baadaye lilienea wazo kwamba gluteni ya ngano na kaseini ya maziwa ndizo zinazowadhuru watoto hao. Wazazi wengi wakaviondoa vyakula hivyo mezani, na wengine wakasema wameona nafuu. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu yalikuwa machache na madogo, na hayakuleta uthibitisho kwamba chakula hicho kinauondoa usonji. Mtoto anayedhuriwa na ngano au maziwa, naye amepimwa akathibitika, hana budi kuviepuka. Ila watoto wengi wenye usonji hukubali vyakula vichache tu. Ukimwondolea mmoja wao maziwa bila ya shauri la mtaalamu, waweza kumnyima chokaa ya mifupa bila ya kumpa usemi.

Kilichosonga mbele zaidi ni uchunguzi wa makuzi. Mwaka 2001 ilitangazwa orodha ya maswali 23 kwa wazazi, kama vile: mtoto huonyesha kwa kidole kitu kinachompendeza? Hugeuka aitwapo? Mwaka 2007 chama cha matabibu wa watoto cha Marekani kilishauri kila mtoto achunguzwe usonji akiwa na miezi 18, na tena akiwa na miezi 24. Majibu ya maswali hayo si hukumu. Ni sababu ya kumpeleka mtoto kwa mtaalamu, ili aanze mapema kufundishwa kusema, kucheza na kuishi na wenzake.

Wewe usomaye huenda kesho ukawa mwuguzi, mwalimu au mzazi. Utakapoambiwa kwamba chakula fulani huponya usonji, usimcheke anayetumaini, wala usimfuate kwa upofu. Uliza ni watoto wangapi waliojaribiwa, walilinganishwa na nani, na ikawaje chakula kile cha kwanza kiliporudishwa. Mama wa Norway alisaidiwa na tabibu aliyemsikiliza, kisha akapima. Mtoto mwenye usonji anastahili mambo hayo mawili pamoja.