Fahamu: Mkopo wa benki ya maendeleo unamfikiaje mfanyabiashara mdogo?

Februari 2023, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya (EIB) ilitangaza jijini Dar es Salaam mikopo ya euro milioni 270 kwa benki tatu nchini: CRDB milioni 150, NMB milioni 100 na KCB Tanzania milioni 20. Lengo ni benki hizo zikopeshe biashara ndogo na za kati, zikiwemo za wanawake.

Mwenye duka au mnunuzi wa maharage pale Kibimba, wilayani Ngara, akisikia habari kama hii anajiuliza: hizo hela nazipataje?

Si msaada
Ni deni. EIB haikukopeshi wewe, inakopesha benki, na benki ndiyo inakukopesha wewe.

Kwa nini benki ikope wakati ina akiba za wateja?
Akiba nyingi mwenyewe anaweza kuzitoa muda wowote. Ni hatari kuzifungia kwenye mkopo wa miaka mitano. Benki ya maendeleo huleta hela za muda mrefu.

Nani anabeba hasara?
Ukishindwa kulipa, benki yako ndiyo inaumia, kwa sababu deni lake lazima ilirudishe. Ndiyo maana hela inaweza kutoka Ulaya na meneja wa tawi bado akakudai dhamana. Tena kama benki imekopa kwa euro, shilingi ikishuka deni linakuwa zito, na gharama hiyo inaweza kuonekana kwenye riba yako.

Kwa wakulima wadogo, Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB) ina mfuko wa dhamana ulioanza 2018. Mfuko huo hubeba sehemu ya hasara, ili benki zisiogope kukopesha.

Ufanye nini?
- Andaa leseni, TIN na kitambulisho cha NIDA.
- Andika mauzo kila siku, na pitisha hela kwenye akaunti. Biashara isiyo na kumbukumbu benki haiioni.
- Kama una shamba kijijini, ulizia hati ya hakimiliki ya kimila, halafu uliza kama tawi lako linaipokea.
- Uliza kama kuna mkopo wenye dhamana ya TADB.
- Uliza riba ni ya mwezi au mwaka, na inakokotolewa kwenye mkopo wote au kwenye salio lililobaki.

Usisaini kabla hujajibiwa hilo la mwisho. Asilimia ileile inaweza kukugharimu karibu mara mbili.