Umenunua Keja Mpya? Soma Hii Kabla Usaini Kuchukua Funguo

Buda, kupewa funguo si kupewa nyumba. Yako ni ile iko na hati kwa jina lako, na tangu Sectional Properties Act ya 2020, hata apatimenti ya ghorofa ya nane inafaa kuwa na hati yake. Kwa hivyo kabla utume dipoziti, wakili wako (si wao!) afanye sachi aone ploti ni ya nani, na kama kuna benki imeishikilia kwa mkopo. Hapo ndio watu huchomeka. Ulizia pia cheti cha kaunti cha kuruhusu watu kuishi humo. Halafu weka kando ganji ya ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mjini, 2 mashambani.

Siku ya funguo, enda mchana na ubebe chaja. Jaribu kila soketi. Fungua mifereji yote pamoja. Mwaga maji bafuni uone kama yanaingia kwa shimo ama yanakuja sebuleni kukusalimia. Kasoro zote piga picha, andika, wasaini. Mikataba mingi humpa mjenzi miezi 6 ya kurekebisha, so cheki yako inasema nini. Usikimbilie kupaka rangi ya Pinterest. Nyufa hungoja mvua ya kwanza.